Kwa Herufi au kwa Maana

Mtafiti wa hali ya hewa ambaye diski yake imejaa huandika mstari mmoja kwenye dirisha jeusi la amri: h5repack -f SHUF -f GZIP=5 mvua.h5 mvua_mpya.h5. Anabonyeza, anakwenda kunywa chai. Akirudi anakuta faili mbili mahali palipokuwa na moja, ya pili ndogo kuliko ya kwanza, pengine ndogo mno. Swali linalomjia ni lile ambalo mtu yeyote aliyeshika amana ya watu angejiuliza: hii ndiyo ileile?

Anaweza kuita mashahidi wawili. Wa kwanza ni sha256sum, programu inayoisoma faili baiti kwa baiti na kuitolea alama ya tarakimu na herufi 64. Kwa shahidi huyu faili hizi mbili hazina hata udugu. Alama zao hazikaribiani. Wa pili ni h5diff. Huyu hajali baiti zimelalaje diskini. Anazifungua faili zote mbili, anatoa namba moja moja na kuilinganisha na mwenzake. Akimaliza hasemi neno, na kwa desturi ya programu za aina hii, kunyamaza ndiko kusema kwamba hakuna tofauti iliyoonekana.

Mashahidi wote wawili ni wakweli, na ushahidi wao hauelewani. Hapo kazi hii inaacha kuwa ya mafundi peke yao. Kitu kikibadilishwa umbo lote bila kupoteza hata namba moja, kimebaki kilekile? Na kikipoteza kidogo, kiasi ambacho hakuna atakayekitafuta, nani mwenye haki ya kusema hakuna atakayekitafuta?

Mji wa Basra, Iraki, uliwahi kuwa na watu wawili waliolijibu swali hili kila mmoja kwa njia yake. Muhammad bin Sirin na Hasan al-Basri waliishi mji mmoja, zama moja, na walifariki mwaka mmoja, 110 Hijria. Wote wawili walisimulia hadithi za Mtume. Bin Sirin alishika herufi: alivyosikia ndivyo alivyosema, bila kuongeza wala kubadili neno. Hasan aliona kwamba maana ikifika salama, amana imefika, hata kama maneno yamebadilika kidogo njiani. Wanazuoni wa baadaye waliziita njia hizo riwaya kwa lafudhi na riwaya kwa maana. Qur'ani haikuwamo katika mjadala huo, kwa kuwa wote walikubaliana kwamba hiyo husomwa kwa herufi zake tu.

Karne moja hivi baadaye Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliliandikia jambo hili katika kitabu chake, Risala. Hakusema kwamba Hasan amekosea, wala hakumfungulia kila mtu mlango. Msimulizi, kwa sharti lake, awe mkweli, awe anaelewa anachokisimulia, na awe anajua ni kitu gani kikiguswa hugeuza maana. Asiyejua hilo na asimulie herufi kwa herufi kama alivyosikia, maana anaweza kuigeuza halali kuwa haramu bila mwenyewe kutambua.

Sharti hilo lina umri wa miaka 1200, na halijapatikana bora zaidi la kumwekea mtu aliyekaa mbele ya dirisha la amri. Linasaidia kwanza kuwaelewa wale mashahidi wawili. Alama ya sha256sum inashuhudia karatasi, yaani jinsi baiti zilivyopangwa. Ukimya wa h5diff unashuhudia lafudhi, yaani namba zenyewe. Maana, yaani kile namba hizo zinachosema juu ya mvua, joto au mwanga wa nyota, haina programu ya kuishuhudia. Shahidi wake ni mtu.

Karatasi kwanza, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote.

Aliyewahi kukaa kwenye khitma, Lamu au Zanzibar au Bagamoyo, amekiona kisanduku cha juzuu. Msahafu mzima umegawanywa vitabu vyembamba thelathini. Kisanduku kinazungushwa, kila mmoja anachomoa kimoja, na kwa muda wa kusoma juzuu moja tu Qur'ani yote imekwisha kusomwa mkekani hapo. Mgawanyo huo haukufuata maana ya maneno. Sura ya Al-Baqara imesambaa katika juzuu tatu, na juzuu ya mwisho, ile ya Amma ambayo watoto wa chuoni huanza nayo, ina sura 37. Sura ni mipaka ya maneno yenyewe. Juzuu ni mipaka ya wasomaji, siku thelathini za Ramadhani au watu thelathini wa khitma. Hakuna herufi iliyohama. Wakristo nao wana kisa cha namna hiyo: sura za Biblia kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyefariki mwaka 1228, na mistari ya Agano Jipya kama inavyohesabiwa leo iliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Mahubiri yote yanayotaja sura na mstari yanategemea mpangilio uliokuja zaidi ya miaka elfu moja baada ya maneno.

Faili za HDF5 zimejengwa juu ya wazo hilohilo. Muundo huo ulizaliwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na toleo hili la tano likatoka mwaka 1998. Miaka kumi baadaye netCDF ya kituo cha Unidata, Boulder, Colorado, ambayo ndiyo lugha ya kila siku ya watu wa hali ya hewa, iliamua kukaa juu yake. Ndani ya faili namba hukatwa vipande, kila kipande kikabanwa peke yake. Kipande kilichobanwa hakitoi hata namba moja mpaka kifunguliwe chote, kama vile huwezi kuchomoa ukurasa mmoja wa juzuu ukaiacha juzuu yenyewe kisandukuni.

Hapo ndipo mpangilio unapoanza kuwa na uzito. Data za mvua za CHIRPS, zinazotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na kutumiwa sana kufuatilia ukame Afrika Mashariki, zinaanzia mwaka 1981. Zinaigawa dunia kati ya nyuzi 50 kusini na nyuzi 50 kaskazini katika viraba vya nyuzi 0.05. Hivyo ni viraba milioni 14.4 kwa siku moja. Kila kiraba kikiwa na namba ya baiti nne, siku moja ni megabaiti 57.6 na mwaka mzima ni gigabaiti 21. Sasa mtu anataka mvua ya mwaka mmoja ya kiraba kimoja, tuseme cha shamba nje ya Dodoma. Anachotaka ni namba 365, baiti 1,460 tu. Lakini kama kila kipande ndani ya faili ni ramani ya siku moja, itabidi kompyuta ifungue vipande vyote 365, gigabaiti zote 21, ili itoe namba moja katika kila kimoja.

Amri moja ya nccopy, programu ya kunakili faili za netCDF, inabadilisha hali: nccopy -c time/365,latitude/10,longitude/10. Sasa kila kipande kimebeba siku zote za mwaka kwa eneo la viraba kumi kwa kumi. Wa Dodoma anafungua kipande kimoja chenye namba 36,500 na anapata jibu kabla hajavuta pumzi. Ila mchora ramani, ambaye jana alihitaji kipande kimoja kwa siku, leo lazima afungue vipande 144,000. Hakuna namba iliyobadilika, na h5diff angenyamaza vilevile. Mmoja amefunguliwa mlango, mwingine amefungiwa.

Kwa hiyo yule anayesema "nimepanga upya tu, sijagusa kitu" anasema kweli kuhusu lafudhi, ila bado ana la kujibu. Ameamua nani atasoma kwa wepesi na nani atachoka njiani. Faili nyingi za hali ya hewa zimepangwa siku kwa siku, ramani kwa ramani, kwa sababu ndivyo modeli na setilaiti zinavyozitoa. Anayeuliza juu ya mahali pamoja, kwa miaka mingi, ndiye anayesubiri. Na mkulima na mtu wa bwawa la maji huuliza hivyo sikuzote.

Sasa lafudhi. Ile SHUF katika amri ya mwanzo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake mna kitu kizuri. Joto la hewa likiandikwa kwa Kelvini, kama wanasayansi wanavyofanya, nyuzi 300 ni sawa na karibu nyuzi 27 za Selsiasi, mchana wa kawaida wa Mombasa. Kompyuta huihifadhi namba hiyo kwa baiti nne. Baiti ya juu kabisa ni 67. Nyuzi 299.4, baiti ya juu ni 67. Nyuzi 184, baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa juu ya ardhi, huko Vostok, Antaktika: 67. Namba yoyote kuanzia 128 hadi chini kidogo ya 512 huanza na baiti hiyo, na hakuna hewa ya kupumua juu ya dunia hii iliyo nje ya mipaka hiyo. Baiti ya pili hubadilika polepole, mahali na jirani yake wakifanana. Ya tatu inahangaika zaidi, na ya nne huruka kama cheche.

Kazi ya SHUF ni kuzitenga. Inachukua baiti zote za kwanza za namba zote na kuziweka pamoja, kisha zote za pili, zote za tatu, zote za nne. Haibani kitu, inapanga safu tu. Baadaye GZIP, ambayo ndiyo inayobana, inakuja na kukuta 67, 67, 67 mara milioni moja mfululizo, na badala ya kuziandika zote inaandika, kwa lugha yake, "rudia". GZIP yenyewe imebeba mawazo ya watu kadhaa: David Huffman, aliyechapisha mwaka 1952 njia ya kuyapa mambo ya mara kwa mara alama fupi, na Jacob Ziv na Abraham Lempel, waliofikiri mwaka 1977 jinsi ya kuelekeza kidole nyuma badala ya kurudia maneno. Wakati wa kufungua, kila baiti inarudi mahali pake, na ile ya nne yenye kuruka kama cheche inarudi na kila cheche yake. Huyu ni Bin Sirin kazini.

Lakini kwa nini inawezekana hata kidogo? Kwa hesabu, haikupasa. Faili zote zinazoweza kuandikwa kwa biti 3 ni 8. Faili fupi kuliko hizo, ukihesabu hata ile tupu, ni 1 na 2 na 4, jumla 7. Nane hazikai katika nafasi saba. Hesabu hiyo haibadiliki kwa biti milioni: programu inayoweza kufupisha kila faili bila kupoteza kitu haipo na haitakuwapo, na inayofupisha baadhi lazima irefushe nyingine. Faili iliyojazwa kwa bahati nasibu haibaniki. Faili ya mvua inabanika. Bahari katika CHIRPS, ambayo vipimo vyake ni vya nchi kavu tu, ina alama ya "hakuna" ileile kiraba baada ya kiraba, nayo hubanwa ikawa karibu na kutokuwapo.

Mwaka 1686 Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika jambo linaloingia hapa moja kwa moja. Ukitawanya nukta kwenye karatasi kwa kubahatisha, alisema, siku zote utapatikana mstari wa kihesabu unaozipitia zote. Lakini kanuni ya mstari huo ikiwa ngumu kupita kiasi, basi hiyo si kanuni tena. Mungu, kwa maoni yake, aliichagua dunia iliyo nyepesi kabisa kwa kanuni zake na tajiri kabisa kwa matukio yake. Asiyeamini hatalazimika kuamini kwa sababu faili ya joto imepungua, na hoja hii isibebeshwe mzigo huo. Hata hivyo, muumini anayeona data za anga la dunia nzima zikikunjika vizuri namna hii ana haki ya kushangaa. Data hizo zingeweza kuwa vurugu tupu, na hazikuwa.

Sasa ile baiti ya nne.

Kwa namba iliyo karibu na 300, hatua ndogo kabisa ambayo baiti nne zinaweza kuandika ni nyuzi 0.00003. Hakuna kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kinachojua tofauti hiyo. Vingi huandika sehemu ya kumi ya nyuzi. Tarakimu zinazofuata zimetokana na hesabu za kompyuta, hewa haikuzisema kamwe. Ndizo zinazojaza diski, kwa sababu kelele haibaniki. Ukizifuta biti 11 za mwisho, kwa kukadiria kwenda kwenye thamani iliyo karibu zaidi, kosa halizidi nyuzi 0.032, chini ya kile ambacho chombo chenyewe kinakijua.

Kwa hiyo kuna upande wa kushangaza katika jambo hili: aliyehifadhi kila tarakimu ndiye anayeweza kuwa amesema uongo. Ameandika 299.41873 na msomaji ataamini kwamba mtu fulani alipima sehemu ya laki moja ya nyuzi. Aliyeandika 299.4 amesema alichokijua akanyamaza. Charles Zender wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyeanzisha NCO, programu za kushughulikia faili za netCDF, katika miaka ya 1990, alilichukulia kuwa ni suala la uaminifu wa namba wala si la nafasi diskini peke yake. Ukiandika ncks -4 -L 5 --ppc default=4, programu inabakisha tarakimu nne zenye maana, na mkia unakuwa mtupu kiasi cha kubanika.

Na hata kunyoa mkia huo kuna haki yake. Mtu akizifanya biti za mwisho sifuri bila kukadiria, kila namba inashuka, haipandi hata moja. Kwa mfano wetu wastani utashuka kwa nyuzi 0.03 hivi. Ni kidogo, lakini dunia imekuwa ikipata joto kwa takriban nyuzi 0.2 kila muongo. Kituo kitakachoanza kunyoa hivyo mwaka fulani kitakuwa kimefuta kwenye kumbukumbu joto la mwaka mmoja na nusu, na kila namba moja moja itaonekana safi. Njia ambayo Zender aliichapisha mwaka 2016 inazitendea namba kwa zamu: hii mkia wake unakuwa sifuri tupu, inayofuata mkia wake unakuwa moja tupu, ili jumla isiegemee upande. Muuza sokoni anayepunja kila mteja chembe moja ya mchele hamdhuru yeyote kati yao, na jioni ana kilo zisizo zake. Mizani inapimwa kwa jumla yake.

Mwaka 2021 Milan Klöwer na wenzake, wakifanya kazi na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, walikwenda mbali zaidi. Waliuliza kila biti: je, ukijua biti hii ya mahali hapa, unajua lolote juu ya biti kama hiyo ya jirani? Isiyojua kitu chochote cha jirani waliihesabu kuwa haina habari. Kwa data za hewa walizozichunguza, waliweza kuzibana mara 17 ukilinganisha na namba za biti 64, na asilimia 99 ya habari ikabaki.

Asilimia moja iliyopotea ndiyo inayomrudisha mtu kwa Imamu Shafi.

Mwaka 1961 Edward Lorenz wa MIT, Marekani, alikuwa na modeli ndogo ya hali ya hewa kwenye kompyuta yake ya Royal McBee. Alitaka kuirudia sehemu ya kazi, na ili asianze mwanzo akachukua namba kutoka kwenye karatasi iliyokwisha chapwa, akaziingiza. Ndani, kompyuta ilibeba tarakimu sita: 0.506127. Karatasini, kwa kuokoa nafasi, ilichapa tatu: 0.506. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya saa moja hivi, kompyuta ilikuwa imekwisha hesabu miezi miwili ya hali ya hewa ya kuigiza, na hali hiyo haikufanana kabisa na ile ya mara ya kwanza. Tofauti ndogo kuliko sehemu moja ya elfu, ambayo mtu yeyote mwenye busara angeiita kelele, ilikuwa imekua ikameza kila kitu. Makala aliyoichapisha mwaka 1963 kutokana na uchunguzi huo ilifungua mlango wa nadharia ya vurugu.

Kuna kisa cha zamani kinacholingana nacho vizuri sana. Sahaba Baraa bin Azib alifundishwa na Mtume dua ya kusoma wakati wa kulala. Alipoirudia ili aihifadhi, mahali pa kusema "Nabii Wako" akasema "Mtume Wako". Anayetajwa ni yuleyule, na kwa sikio la kawaida hakuna kilichopungua. Akasahihishwa palepale arudie neno kama lilivyokuwa. Wanaoshika herufi wamekitumia kisa hiki kwa karne nyingi. Wanaoruhusu maana wamejibu kwamba dua ni jambo jingine, kwa kuwa maneno yake yenyewe ndiyo ibada. Jibu hilo lina mantiki, na ndilo linalohitajika kwenye faili. Namba inayokwenda kupumzika kwenye kumbukumbu yaweza kusimuliwa kwa maana. Namba itakayorudishwa ndani ya modeli ili modeli iendelee pale ilipoishia ni dua. Hiyo haikatwi mkia. Tarakimu ni zilezile katika hali zote mbili, na kompyuta haijui ni ipi kati ya hizo.

Kisa cha ozoni ni kizito zaidi, kwa sababu kilihusu maisha ya watu. Mei 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya kituo chao cha Halley, Antaktika, ozoni ya masika ya huko ilikuwa imeporomoka. Setilaiti ya Nimbus-7 ya NASA ilikuwa ikipita juu ya bara hilohilo tangu mwishoni mwa 1978. Programu iliyochambua data zake ilitia alama ya shaka kwenye vipimo vilivyo chini ya vizio 180 vya Dobson, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kuona namba ndogo hivyo. Mara nyingi husimuliwa kwamba NASA ilizitupa namba hizo. Hazikutupwa. Zilitiwa alama zikabaki, na kwa sababu zilibaki, wanasayansi wake walirudi kuzisoma na kuonyesha tundu likiwa limeenea juu ya bara zima.

Fikiria amri moja tu, iliyoandikwa kwa nia njema kabisa, ambayo ingegeuza kila kilicho chini ya 180 kuwa "hakuna" ili faili ibanike vizuri. Aliyeiandika angekuwa mkweli na angeelewa kazi yake. Angekuwa ametimiza masharti mawili ya Shafi, akakosa la tatu, na mwaka huo hapakuwa na mtu duniani aliyelitimiza.

Ndiyo maana wasimulizi wa hadithi hawakutosheka na maneno. Walidai mnyororo, isnadi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Na ndiyo maana, pengine bila kujua wanamfuata nani, waliotunga programu za NCO na zile za CDO za Hamburg waliweka ndani ya kila faili sehemu iitwayo history. Kila amri ya programu hizo inayoigusa faili inaandikwa hapo pamoja na tarehe na saa yake. Ukiifungua faili iliyopita mikononi mwa watu watano utazisoma amri za wote watano: ipi ilikata, ipi ilipanga upya, ipi ilibakisha tarakimu nne. Tangu toleo la 4.9.0 la mwaka 2022, netCDF inapofupisha namba huandika kwenye kigezo chenyewe kwamba zimefupishwa, kwa njia gani na kwa kiwango gani. Namba inabeba ungamo lake.

NCO ina pia chaguo la -h. Ukiliweka, amri yako haiandikwi. Lipo kwa sababu za haki, kwa mfano mtu anayejaribu jambo mara ishirini asiijaze faili maneno. Lakini wanazuoni wa hadithi wana jina la kitendo cha kumficha msimulizi aliyemo kwenye mnyororo: tadlisi. Waliandika vitabu vya majina ya waliofanya hivyo, na hadithi za baadhi yao zikakataliwa pale wasiposema wazi kwamba wamezisikia.

Yule mtafiti wa mwanzo bado ana faili mbili. Programu ya h5repack haiguswi na tamaa ya nafasi: inasoma ya zamani, inaandika mpya, na ya zamani inaiacha kama ilivyokuwa. Diski itapumua siku atakapoandika rm na jina la ile ya kwanza, na hilo hakuna programu inayomfanyia. Ataiendesha h5diff mara ya pili. Atatazama history. Atajiuliza kama anayejua kinachogeuza maana ni yeye, au ni mtu ambaye bado hajazaliwa.

Risala yenyewe ilipangwa upya. Shafi aliitunga mara ya kwanza kabla hajahamia Misri, kisha huko Misri akaiandika tena, na mwanafunzi wake Rabii bin Suleiman ndiye aliyeipokea na kuifikisha. Hiyo ya pili ndiyo inayosomwa misikitini na vyuoni mpaka leo. Ile ya kwanza imetajwa na waliokuja baadaye, lakini haipo tena. Alichokipunguza, alichokiongeza, ni neno gani alilibadilisha akiamini maana imebaki, hakuna anayeweza kuonyesha, kwa kuwa ya kulinganisha nayo haipo.